Gerald Ntahondi na Samaki Wadogo wa Karongi

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Batsinda, wavuvi na wachuuzi mliotoka Karongi alfajiri ili mfike kabla jeneza halijafungwa, mimi ni Protas Ntahondi, kaka yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya maisha yake, kazi ambayo kwa kawaida mdogo humfanyia mkubwa, si mkubwa kumfanyia mdogo.

Marehemu Gerald Ntahondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, Kibirizi, Kigoma, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mzee Ntahondi, fundi wa karabai za wavuvi, na mama yetu Yudita, aliyekuwa akianika dagaa na kuwauza. Mimi nilikuwa na miaka mitatu alipozaliwa, na mama hupenda kusimulia kwamba siku ile nilikataa kula, nikasema mtoto huyo arudishwe alikotoka. Watu wazima walicheka, ila mimi sikuwa natania, na mtaona kadiri nitakavyosoma kwamba maneno yale yaliishi ndani yangu zaidi ya miaka arobaini.

Alipata elimu ya msingi pale pale Kibirizi kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akawa wa kwanza darasani miaka mitano mfululizo, akaendelea na sekondari mjini Kigoma kuanzia 1998 hadi 2001, kisha mwaka 2003 akachaguliwa kujiunga na chuo cha uvuvi Mwanza, alikohitimu mwezi wa Juni 2005. Mimi niliishia kidato cha pili. Nilipoacha shule baba alisema, "Kila mtu na riziki yake," na Gerald alipohitimu baba yule yule alichinja mbuzi.

Mwaka 2006 nilikuja Kigali, nikafungua ghala la samaki karibu na makutano ya Sonatubes, nikiwa na friza mbili na Kinyarwanda cha kuokoteza ambacho Kiha chetu kilinirahisishia. Tarehe 9 Februari 2008 nilimwita mdogo wangu aje anisaidie, na naomba hili lieleweke, mimi ndiye niliyemwita, mimi ndiye niliyemwonyesha nani anauza na nani ananunua. Baada ya miezi sita wateja walikuwa wakiingia dukani, wananitazama mimi nimesimama mlangoni, halafu wananiuliza, "Gerald iko?" Mama akipiga simu kutoka Kigoma alianza na, "Gerald hajambo?" na mimi nilijibu hajambo, nikingoja niulizwe hali yangu.

Tarehe 27 Desemba 2011 alifunga ndoa takatifu na Christella Ingabire, binti wa Karongi aliyekuwa akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye baa moja ya Gisimenti, hapa Kigali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kirezi aliyezaliwa mwaka 2013, na Sangwa aliyezaliwa mwaka 2016, ambao wako hapa mbele yenu.

Sasa nafika kwenye kazi yake, na hapa nitakwenda polepole.

Mwaka 2012 wauzaji wa samaki wa Kigali tulimtuma Karongi, kando ya Ziwa Kivu, awe msimamizi wa ununuzi wetu kwa vyama saba vya wavuvi. Huko aliona jambo ambalo sisi sote tulikuwa tukiliona bila kulitazama. Mitumbwi ilikuwa ikivuta wavu, wavuvi wanachagua sambaza wenye bei, na wale wachanga, pamoja na samaki wengine wasio na soko, wanarudishwa majini wakiwa wamekwisha kufa, hata asubuhi ufuo ukawa mweupe na ndege wakashindwa kuwamaliza. Alinipigia simu akaniambia, "Kaka, tunatupa samaki wa mwaka kesho." Nilimjibu kwamba samaki wa mwaka kesho haingii kwenye friza ya leo.

Alizunguka kwenye vyama vile miaka mitano akieleza, na tarehe 1 Machi 2018 vyama vyote saba vilikubaliana kwamba hakuna kutupa, kila kilichoingia wavuni kifike ufukoni, kikubwa kwenye kreti zake na kidogo kwenye kreti zake, vyote vipimwe, na Gerald awe msimamizi wa kanuni hiyo. Wadogo wangepelekwa kusagwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya chini sana, na bei hiyo aliiweka chini kwa makusudi, ili mvuvi asipate hasara ya kuwabeba na asipate pia sababu ya kuwatafuta.

Miezi ya mwanzo ilikuwa michungu. Mitumbwi ilirudi imejaa samaki wasio na bei, nafasi ya sambaza wazuri ikapungua, friza za Kigali zikabaki nusu, wakaangaji wa Gisimenti wakapandisha bei na walevi wakamlaani mtu wasiyemjua. Vyama viwili vilijitoa. Nami, ndugu zangu, nilifurahi. Biashara yangu ilikuwa ikiumia pamoja na za wengine, lakini kila friza tupu niliyoifungua nilikuwa nasema moyoni, haya, mwerevu wa Mwanza, tuone.

Lakini kwa kuwa samaki wadogo sasa walifika nchi kavu, kwa mara ya kwanza iliwezekana kujua walikotoka. Mama Nyiransabimana, mkuu wa wanawake wanaochambua samaki, ndiye aliyegundua kwamba karibu kreti zote za wachanga zilitoka kwenye ghuba moja, nyuma ya kisiwa. Wavuvi wakakubali kuiacha ghuba ile ipumzike, wakabadili nyavu, wakachukua zenye matundu mapana kidogo, na kabla mwaka haujaisha sambaza wakaanza kuja wakubwa, vile viwili vilivyojitoa vikarudi, wavuvi wa upande wa Kongo wakavuka kuja kujifunza, na wengine wakatoka Kigoma, kwetu, wakamhoji, wakarudi wakamsema redioni. Mama alinipigia akilia kwa furaha, "Protas, nimemsikia mwanangu redioni!" Alisema mwanangu, kana kwamba alikuwa na mmoja tu.

Karatasi aliyoiandika Christella inasema hapa kwamba mwaka 2020 marehemu aliacha usimamizi na kurudi Kigali. Ni kweli, ila haisemi kwa nini, kwa sababu alipoiandika alikuwa hajui. Jana kutwa nilimweleza yote, jikoni kwake, nikapiga magoti. Hakunipiga, wala hakunifukuza. Aliniambia, "Shemeji, mimi usinililie. Wasomee wao." Kwa hiyo nawasomea.

Mwezi wa Juni 2019 nilimtafuta mtu wa Karongi ambaye sitamtaja, kwa kuwa dhambi ilikuwa yangu, nikamwambia aanze kununua samaki wachanga kwa jina lake, kwa bei mara tatu ya ile ya Gerald, na mimi nikawauza kwa wafugaji wa kuku nje ya mji. Sikuwa na shida ya biashara hiyo. Nilijua kitakachotokea. Kwa bei ile samaki mdogo hakuwa tena mzigo wa kubebwa, alikuwa windo, na wapo waliotoa nyavu za vyandarua walizokuwa wamezificha, wakarudi kwenye ile ghuba iliyokuwa imepumzishwa, wakaifagia. Kanuni haikuvunjwa, kwa maana hakuna aliyetupa hata samaki mmoja, wote walifikishwa ufukoni kama mdogo wangu alivyotaka, na hilo lilinichekesha.

Ilipofika Januari 2020 sambaza walikuwa hawaonekani. Tarehe 22 Februari, siku ya Jumamosi, vyama saba vilikutana. Mzee Munyaneza, mwenyekiti wao, ambaye amekaa pale mstari wa mbele, alisimama akasema, na Gerald mwenyewe ndiye aliyeniambia maneno hayo, "Wewe ulitukataza kutupa, sisi tukakubali. Sasa iko mtu ananunua hii ndogo, na wewe msimamizi ndiye unaona kila kreti. Ni nani?"

Gerald akajibu, "Sijui, mzee."

"Hujui, ama ni wewe mwenyewe?"

Akanyamaza. Na watu, zaidi ya mia moja, walichukua ukimya ule kuwa ndilo jibu, wakamvua usimamizi siku hiyo hiyo, na kina mama waliokuwa wakimwita mwana wetu wakampa kisogo.

Jumatatu asubuhi alikuja ghalani kwangu Sonatubes. Nilikuwa napanga kreti. Aliinama, akageuza moja, akaona alama ya rangi nyekundu ya ghala langu, alama ambayo alikuwa ameshaiona Karongi kwenye kreti za wachanga.

"Kaka," akasema, "wale wachanga ulikuwa unawapeleka wapi?"

"Ni biashara tu."

"Nimeulizwa mbele ya watu nani anawanunua. Nimesema sijui."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungeishi wapi?" akasema. "Acha kununua. Sitakuuliza tena."

Na hakuniuliza tena mpaka anakufa. Niliacha, baada ya wiki tatu, na niliacha kwa woga, si kwa wema. Mtadhani moyo wangu ulilainika. Hapana. Nilimwonea wivu zaidi ya mwanzo, kwa sababu hata katika kusamehe alikuwa wa kwanza darasani.

Kwa kuwa hakuna muuza samaki mwingine aliyetaka kumwajiri, alirudi kufanya kazi kwangu, msimamizi wa vyama saba akawa anapara magamba kwenye beseni langu, miaka minne na miezi kadhaa. Vyama vilifufua kanuni ile mwaka 2022, Mama Nyiransabimana akisimamia, na safari hii wakakubaliana kwamba wachanga wanunuliwe na vyama vyenyewe tu, mtu binafsi asiguse. Samaki wakarudi. Sambaza mliowala wiki iliyopita ni wa kanuni ile. Gerald hakuitwa. Nilimwona siku moja ameshika sambaza wa Karongi kiganjani, anampima kwa kidole, anatabasamu, kisha anamrudisha kwenye kreti bila neno. Nikamchukia kwa lile tabasamu. Mwizi anaweza kurudisha alichoiba, lakini mimi nilichotaka kumwibia hakikuibika.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa hapa Kigali, ikagundulika ni saratani ya ini, akafanyiwa matibabu kwa kipindi cha mwaka mmoja na zaidi. Nilikuwa nikimpeleka hospitali kila wiki. Muuguzi mmoja aliniambia, "Umebahatika kuwa na ndugu kama huyu, anakusifu kila siku," nami nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, sikuweza kurudi ndani kwa saa nzima. Tarehe 4 Oktoba nilimwambia nitakwenda Karongi nikaseme. Alikuwa hawezi kuinua kichwa. Akasema, "Nenda kwa ajili yako. Mimi watoto wangu wananijua." Ndugu yetu alituacha siku ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Christella akiwa amemshika mkono wa kulia, na mimi nikiwa kwenye foleni ya dawa.

Mzee Munyaneza, uliuliza swali mwaka 2020 na hukujibiwa. Aliyenunua samaki wachanga ni mimi, Protas. Marehemu hakununua hata kreti moja, hakula senti, na alijua mnunuzi ni nani tangu kabla hujamuuliza. Baada ya mazishi nitabaki hapa hapa, sitaondoka, na chochote ambacho vyama saba vitaamua juu yangu nitakipokea. Ninachowaomba ni kimoja, kwamba jina lake lirudishwe kwenye mkutano ule ule lilikoondolewa, mbele ya watu wengi kama wale, na Kirezi na Sangwa wawepo wasikie.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Batsinda mliopika na kukesha nasi, jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, ndugu zetu Waislamu wa mtaa huu mliotuletea mahema na viti kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na ninyi wa Karongi, mliokuja kumzika mtu mliyedhani amewakosea. Kuja kwenu kumenionyesha jinsi mlivyompenda, na nikiri mbele ya Mungu kwamba nilipowaona mkishuka kwenye magari asubuhi, wengi namna ile, jambo la kwanza nililojiuliza ni kama watu hao wangekuja kunizika mimi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama mzazi, na ndugu watatu, mmoja wao akiwa ni mimi.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Gerald, mdogo wangu, nenda ukapumzike kwa amani, ile ambayo mimi sikukupa.