Shikamoo Kwanza, Dawa Baadaye: Wasifu wa Marehemu Mama Agripina Mughwai (1944–2025)

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za tangu jana. Marehemu asingekubali wasifu wake usomwe kabla ya salamu, na sababu yake mtaisikia.

Agripina Mughwai alizaliwa hapa Ilongero tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mughwai. Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1956, kisha baba yake akasema ada iliyobaki ni ya kaka. Agripina alinuna mwaka mzima. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia hivyo bila haya. Lakini mwaka 1974 elimu ya watu wazima ilipofika kijijini, alikuwa wa kwanza kujitolea kufundisha, na baadhi ya bibi na babu waliokaa hapa leo walishikwa mkono naye kuandika majina yao.

Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Philipo Laurian. Walijaliwa watoto watatu: Christopher, Elina na Winfrida. Walilima uwele na alizeti, wakafuga ng'ombe na kuku, na kuku hao ndio waliowavalisha watoto sare za shule. Mzee Philipo alitangulia mwaka 2009. Mama hakutaka kuhama. Alisema nyumba aliyoipiga udongo kwa mikono yake haimtishi kwa upweke.

Septemba 2022 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Akaandikiwa dawa za shinikizo la damu za kumeza kila siku. Hapo maji yakazidi unga. Christopher yuko Mwanza, Elina ameolewa Rungwa, na Winfrida, kitinda mimba, anafundisha hesabu sekondari Singida mjini. Kikao cha familia kikaona njia mbili tu: mama ahamie mjini, au Winfrida aache kazi. Mama alizikataa zote.

"Mjini mtanifungia ndani na televisheni," alisema. "Na wewe Winfrida ukiacha kazi, tutakula nini, pole za watu?"

Winfrida hakulala vizuri majuma mawili. Ndipo Christopher alipotuma vifaa viwili. Kimoja kilikuwa kitufe cha kuvaa shingoni, chenye laini ya simu ndani: akikibonyeza, kinapiga kwa jirani Dorika na kwa Winfrida. Kingine kilikuwa cha kukumbusha dawa, kinachotoa sauti iliyorekodiwa, asubuhi na jioni. Winfrida alirekodi harakaharaka katika ofisi ya walimu: "Mama, meza dawa sasa."

Jumamosi alipokuja, alikuta vidonge vya siku nne viko vilevile.

"Mama, kile kifaa hakikulia?"

"Kililia. Kikanipa amri kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni. Mtoto gani huyo asiyejua shikamoo?"

"Ni mimi, mama!"

"Ndiyo maana niliona aibu hata kumwambia Dorika."

"Lakini mama, ile ni mashine tu."

"Najua ni mashine. Ila imevaa sauti ya mwanangu, basi ivae na adabu zake."

Loo! Winfrida alikuwa karibu kulia kwa hofu ya zile siku nne, akajikuta anacheka. Akarekodi upya, safari hii kwa Kinyaturu: akaamkia, akanyamaza kidogo mama apate kuitikia, akauliza mifugo imeamkaje, halafu ndipo akataja dawa. Tangu siku hiyo mama hakuruka kidonge hata kimoja. Dorika alikuwa akimsikia anakijibu kifaa habari za kuku mmoja mmoja, na yule jogoo mkorofi akisemwa kwa jina.

Miaka karibu mitatu ilipita hivyo. Winfrida hakuacha kazi, na mama hakuhama. Familia inamshukuru Mungu, na inamshukuru Dorika kuliko inavyoweza kusema, maana kitufe hakimwogeshi mtu wala hakimkorogei uji. Dada Dorika, umetutunzia mama. Ahsante sana.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, mama alijisikia vibaya kifuani, akabonyeza. Dorika alifika kabla simu haijakatika, akamwita mganga wa zahanati. Mganga alimpima, akasema akipelekwa hospitali atafia njiani. Winfrida aliacha chaki mezani, akapanda bodaboda, akafika mama bado ana fahamu.

Mama alimtazama. "Umeomba ruhusa kazini?"

"Nimeomba, mama. Wamenipa."

"Ya siku ngapi?"

"Mpaka nitakapomaliza."

"Basi kaa."

Winfrida akakaa kitandani, akakipakata kichwa cha mama yake. Saa saba na robo mchana, Mama Agripina akakata roho, miaka themanini na mmoja, akiwa nyumbani kwake.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, vitukuu wanne, na mdogo wake mmoja, Mzee Leonidas Mughwai.

Mama, ruhusa ya Winfrida haijaisha. Amekaa hapa kando yako mpaka udongo wa mwisho. Pumzika kwa amani. Amina.