Filamu za Elema Zisiwekewe Msemaji

Sogeeni karibu, Halake, na wewe Abiba, mfunge mlango wa duka kwanza, maana leo nina pumzi na kesho sijui. Nyumba hii ya Bulla Pesa mtaishi wote, asimfukuze mtu mwenzake, na ngamia walioko Kulamawe mtawagawana kama dini inavyosema. Hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni makopo ya filamu ya baba yenu yaliyo ndani ya kasha langu, kwa sababu nimesikia, Halake, kwamba umezungumza na mtu wa televisheni.

Baba yenu Elema alikuwa mpiga picha wa serikali wakati wa vita vya shifta, watu wetu walipokusanywa na askari ndani ya seng'enge, ati wanawaficha waasi, na mifugo yao ikapigwa risasi. Alitumwa aonyeshe jinsi tunavyotunzwa kambini. Ofisa mmoja akamletea mzee Dida, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameuawa wiki ile ile, akasema, "Mwambie acheke kidogo."

"Siwezi kumwomba hivyo," baba yenu akajibu.

Ofisa alipoondoka, Elema alielekeza kamera kwenye boma tupu la Dida ng'ambo ya seng'enge, akawasha tepu ya kunasa sauti, akamwomba mzee awaite ng'ombe wake kama alivyokuwa akiwaita wakirudi malishoni. Dida akaita, "Gurracha, njoo. Diima, njoo," kila mmoja kwa jina lake, mpaka sauti ikamkauka, na kamera haikutoka kwenye ile miiba na mavi makavu. Mimi nilikuwa msichana, nimesimama hapo na mtungi wangu, na ndipo nilipompenda baba yenu.

Tangu hapo alipiga filamu zake hivyo. Sura za watu hakuzipiga, wasije wakatafutwa. Alipiga mikono, miguu, lango la kambi likifunguliwa na kufungwa, na juu yake sauti zao wenyewe. Wenzake wa Nairobi walimwambia hizo si filamu, kwa kuwa hazina msemaji wa kueleza. Yeye alisema sisi tumesemewa vya kutosha na watu wengine.

Askari walipoanza kumpekua, aliyeyatoa makopo kambini ni Kagwiria, Mmeru aliyekuwa akituletea miraa. Aliyafunika kwa magunia na majani ya migomba, akapita mbele ya askari akiwatania kwa Kimeru, na wangemkamata angepotea kwa ajili ya watu wasio kabila lake. Aliyaficha kwake muda wote ambao baba yenu alikuwa gerezani kwa ajili ya filamu hizo, na alipotoka anakohoa damu, akamrudishia yote.

Halake, najua ulisema baba yako alizipenda filamu kuliko alivyokupenda wewe, na akafa hamjapatana. Una haki ya kuumia, mwanangu. Mimi pia niliumia, nikiwalea peke yangu. Lakini sasa unagombana na Jecinta, binti wa Kagwiria, juu ya mpaka wa ploti, na unamwita mgeni. Neno hilo sitaki lisemwe tena ndani ya nyumba hii.

Basi shikeni haya. Filamu ni zenu watatu, wewe, Abiba na Jecinta, na asiziuze mmoja bila wengine. Huyo wa televisheni anataka kuweka msemaji juu ya sauti ya Dida. Mkatalieni. Zipelekeni kwanza Kulamawe, waonyeshwe watoto wa Dida kwenye uwanja wa shule, waamue wao kama watu wengine wazione.

Abiba, niinue kidogo... hapo. Maji, tone tu. Alhamdulillahi.

Mungu awape afya, awape mvua, awape... kusikilizana. Nimewasamehe yote, nanyi mnisamehe. Halake, usilie. Nenda kwa Jecinta, umlete hapa, umkalishe karibu yangu upande huu. Usimtume mtu. Nenda wewe mwenyewe, nenda sasa, mwanangu, na utembee... haraka.