Spidomita ya Lusungu

Kijiwe chetu kiko Chang'ombe, ubavuni mwa karakana ya Gozbert, pale anapochomelea mageti. Benchi lenyewe alilichomelea yeye kwa mabaki ya nondo, kwa hiyo kila mada ya ufundi anajiona ana haki ya kuanza kusema. Tunamwita Injinia. Anayekaa pembeni yake ni Edgar, fundi wa simu na madishi, jina lake la hapa ni Dishi. Kahawa anatumiminia Khalfani. Na yule aliyekuwa ameinama, anachokonoa tope lililokaukia kwenye raba zake, ni Lusungu. Tangu anunue lile pikipiki lake la porini, refu, lenye matairi ya meno, hakuna kichaka kuanzia Kisarawe mpaka Mkuranga ambacho hajadai anakijua, tukampa jina la Ramani. Wiki ile hakuna aliyemwita hivyo. Mwenzetu Suleiman, Mzee Sule, alifiwa na mama yake kijijini huko Kisarawe, mvua zimekata barabara, magari hayafiki, Lusungu akamwambia panda nyuma nikufikishe. Wakapotea. Walipofika, mama keshazikwa. Tangu siku hiyo Lusungu hakuwa na habari nyingine ila kifaa cha kufunga kwenye usukani.

— Nipeni ushauri jamani, alisema. Nifunge spidomita mpya au nifunge GPS?

— Kwanza ile ya mwanzo ilikufaje? aliuliza Injinia.

— Waya ulikatika. Tope liliingia kule chini kwenye gurudumu, mshale ukalala kwenye sifuri, namba za kilomita zikasimama. Na kaka yake Mzee Sule alituelekeza kwenye simu: mkivuka korongo nendeni kilomita nane, mtakuta njia panda, shikeni kulia. Sasa nane nitaijuaje mshale umelala? Njia panda kule ziko kibao.

— Kwa hiyo ulikisia.

— Nilikisia.

Neno hilo alilisema kwa sauti ndogo, akarudia kuchokonoa tope.

— Basi dawa ni spidomita, alisema Injinia. Ila siyo hizi za waya. Chukua ya sumaku. Unabandika kisumaku kwenye gurudumu, kila likizunguka inahesabu. Tope haliifanyi kitu.

— Acha kumdanganya mwenzio, Dishi akadakia. Spidomita inajua umekwenda umbali gani, haijui umekwenda wapi. Ukizunguka mnazi mmoja kutwa nzima inakuandikia umefika Morogoro. GPS, braza! Hiyo inaongea na satelaiti moja kwa moja.

— Mbona simu yake ina GPS na ilizima?

— Simu ilikufa kwa mtikisiko na maji. Mie nazungumzia ile ya porini, ina ganda gumu, hata ukianguka nayo mtoni inakwambia umeanguka mto gani.

— Na miti? Satelaiti itaonaje chini ya miti?

— Satelaiti inaona mpaka wali wa mkeo ulivyoungua.

Khalfani alikuwa anasuuza vikombe. Akainua kichwa.

— Hizo satelaiti wenyewe wamezirusha waangalie kwao. Kisarawe nani anaiangalia? Labda inapitaga mara moja kwa mwezi, tena usiku, imechoka.

— Umeona? alisema Injinia. Halafu udongo wa kule una chuma. Unavuta. Kuna jamaa aliingia na redio, ikawa inamsomea taarifa ya habari ya jana.

— Ya jana?

— Ya jana! Mpaka mpira. Timu imeshafungwa, yeye kule porini ndio kwanza anashangilia.

Tukacheka. Hata Lusungu alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka, tabasamu likamtoka usoni.

— Basi sikilizeni, alisema Dishi. Kama udongo unavuta redio, unashindwaje kuvuta pikipiki? Usukani ni chuma ule. Unashika kulia, ardhi inakuvuta kushoto. Mtu utajilaumu kwa hilo?

— Haiwezekani, alisema Injinia.

— Lusungu, huna kosa.

— Huna kosa kabisa, tukaitikia wote.

Ndivyo tulivyokuwa tunafanya wiki nzima. Tulimwona jinsi alivyokonda, na kila hoja, hata ya kipuuzi namna gani, tuliona inampunguzia. Ila kulikuwa na jambo moja tulilolizunguka. Suleiman alikuwa ameshawekewa tanga nyumbani kwake, nyuma ya msikiti, mwendo wa kumaliza sigara kutoka hapa benchini. Sie wote tulikwenda kumpa pole. Lusungu hakwenda. Siku moja alisema ana homa, siku nyingine ana mteja Kurasini. Tukaipokea kila sababu aliyotuletea.

Tukiwa bado tuko kwenye mambo ya chuma ardhini, akatokea binti mmoja kajitanda kanga, kabeba mfuko mkubwa wa plastiki. Sikumtambua mpaka alipofika karibu. Nusaiba, binti wa Suleiman, yule anayefundisha shule ya msingi Kawe.

— Shikamooni.

— Marahaba mwanangu. Poleni na msiba.

— Tumeshapoa. Anko Lusungu, baba kanituma nikurudishie kofia yako. Alishuka nayo kichwani, hakukumbuka kuivua.

Akatoa helmeti kwenye mfuko. Ilikuwa imefutwa vizuri, haina hata doa la tope. Lusungu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani.

— Ahsante. Mzee hajambo?

— Hajambo. Anakuulizia. Anasema labda ulipata baridi siku ile, anaogopa unaumwa.

Lusungu aligeuza helmeti mapajani. Nusaiba alikuwa kama anataka kuondoka, akageuka.

— Anko, naomba nikuulize kitu. Baba anawaambia wageni kwamba mlipopita pale kisimani, penye wale kina mama, alikugonga bega usimame muulize njia. Na mbele tena, mlipokutana na mzee mwenye baiskeli, akakugonga. Anasema hukusikia kwa ajili ya kelele za injini. Kweli hukusikia?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwalimu anavyomuuliza mtoto aliyezoea kumwamini.

 Wiki nzima Lusungu alitusimulia waya, mshale, mvua na njia panda. Kisima hakukitaja. Baiskeli hakuitaja. Dishi aliangalia kikombe chake. Injinia, nadhani kwa huruma tu, akajaribu kumfungulia mlango:

— Mwanangu, pikipiki zile zina kelele sana. Mie mwenyewe likiwashwa hapa sisikii hata mashine yangu.

Lusungu angeweza kupita mlango huo. Sote tulimtazama tukimngoja apite.

— Nilisikia, alisema.

— Ulisikia?

— Bega si sikio, mama. Mtu akikugonga unajua. Nilijua anataka tuulize. Nilikuwa nimeshamwambia njia ile naifahamu, nimeipita mara nyingi. Uongo. Sikuwahi kufika. Nikasema nikisimama hapa nikawauliza hawa kina mama, ataniona mie muongo. Nikaongeza mafuta.

Nusaiba alivuta kanga yake mabegani.

— Baba mkubwa aliomba wangoje, alisema taratibu. Bibi alishaoshwa, alishavikwa sanda. Wakangoja mpaka alasiri. Kisha wakasema maiti haicheleweshwi.

Akaaga, akaondoka. Hakumtukana. Nadhani Lusungu angefurahi kama angetukanwa.

Khalfani alinyoosha mkono kumwongezea kahawa, akakuta kikombe bado kimejaa, kimepoa. Hakuna aliyesema tena habari ya sumaku wala satelaiti. Baadaye Lusungu alisimama.

— Nisindikize kwa Mzee Sule, akaniambia. Peke yangu nitarudia njiani.

Tulikwenda kwa miguu. Pikipiki alikuwa nalo pale, hakuligusa. Nje kwa Suleiman palikuwa na mkeka na wazee wachache wanazungumza. Suleiman alipomwona alisogea, akampa nafasi pembeni yake.

— Karibu Lusungu. Nilidhani unaumwa.

— Shikamoo mzee. Siumwi.

— Marahaba. Basi kheri.

— Mzee Sule, pale kisimani nilisikia. Na kwenye baiskeli nilisikia. Nilikudanganya kwamba naijua njia, nikaona aibu kuuliza mbele yako.

 Suleiman alikunja pindo la mkeka, akalikunjua.

— Najua, alisema. Nilikuwa nyuma yako. Mtu asiyehisi kuguswa hashituki. Wewe ulishituka mara zote mbili.

— Sasa mbona unawaambia watu sikusikia?

— Niwaambie nini? Kwamba nimekosa kumtia mama yangu kaburini kwa sababu mwenzangu kaona aibu? Nikilisema hivyo nitalia, na hapa nina wageni.

Lusungu alifunika uso kwa viganja. Mzee mmoja alianza kusema neno la kumtuliza, Suleiman akamfanyia ishara amwache.  Ndani kina mama walikuwa wanagonga vyombo, harufu ya pilau inatoka.

— Nafunga GPS, alisema Lusungu mwishowe, machozi yamemjaa. Nzuri kabisa. Arobaini nitakupeleka mwenyewe, na nitauliza kila mtu tutakayemkuta.

Suleiman alitikisa kichwa, bila hasira.

— Usihangaike. Arobaini mvua zitakuwa zimekatika. Nitapanda basi mpaka linapoishia, kisha nitatembea.

 Mtu akaleta maji ya kunawa, yakampita Lusungu, hakuyaona.

— Naweza kupanda na wewe? aliuliza.

Suleiman hakugeuka kumtazama. Alimsogezea beseni, akashika birika, akaanza kummiminia maji mikononi.

— Basi ni la watu wote, alisema. Nani wa kukukataza?