Mzee Baridi Anayaacha Makabati

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuyalinda makabati ya umeme ya kiwanda chetu cha biskuti yasiungue kwa joto, Mzee Baridi anastaafu. Mimi, mtoto wa mlinzi wa getini, nimeombwa na wafanyakazi nimuage kwa niaba yao. Tunalisema hili kwa tahadhari, kwani mwaka juzi alituaga, na mwaka jana akatuaga tena. Mara zote mbili tulikula keki, tukapiga makofi, kisha yeye akaomba aongezewe msimu mmoja tu, mpaka joto lipite. Joto lilipita, likarudi, likamkuta palepale.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi yake, maelezo ni mafupi. Kila mashine hapa, kuanzia ya kukanda unga hadi ya kufungasha, hupokea amri kutoka kwenye kabati la chuma la rangi ya kijivu. Ndani yake mna kompyuta ndogo na vifaa vya kuongoza mwendo wa mota, na vyote ni vyepesi kuugua. Jua likiwaka juu ya mabati na tanuri likiwaka chini yake, hewa ndani ya kabati huchemka, vifaa vikajizima vyenyewe. Hapo mtambo husimama, biskuti zilizomo tanurini huwa makaa, na unga uliokandwa hutupwa.

Mzee Baridi hakuzaliwa akiyajua haya. Msimu wake wa kwanza wa joto, alipoona makabati yanaunguza mkono, alifungua milango yote, akakusanya feni za ofisini na kuzielekeza ndani. Mpaka saa sita mchana alikuwa shujaa. Kumbe feni zilikuwa zikipuliza vumbi la unga moja kwa moja kwenye vifaa. Mchana mashine ya kufungasha ilichanganyikiwa, ikaanza kufunga pakiti tupu, moja baada ya nyingine, zimebanwa vizuri na hazina kitu. Kesho yake wenzake walimwandalia mojawapo mezani wakati wa chakula. Hadi leo akina mama wa kufungasha wakimwona anapita humwambia, "Karibu ule, Mzee. Yako ile nyepesi ipo."

Tangu siku hiyo, mlango wa kabati ukiachwa wazi, yeye huhisi akiwa bado yuko getini. Ndiye aliyetufundisha kwamba kabati hupozwa likiwa limefungwa, na hewa ipitie kwenye chujio safi. Ndiye aliyeshawishi uongozi uyahamishe makabati mawili kutoka kwenye ukuta wa tanuri, na paa lililo juu yao lipakwe rangi nyeupe. Kabati la pampu, lililokuwa likisimama juani uani, alilijengea kibanda kabla baiskeli za wafanyakazi hazijapata chao. Watu walinung'unika. Yeye aliwajibu kwamba baiskeli haina homa.

Homa ndilo neno lake. Kila asubuhi hupita akigusa milango kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anayepima paji la mtoto, kisha hutangaza nani mzima na nani mgonjwa. Anayemhangaikia zaidi ni kabati la tanuri, aliloliita Mama Mkubwa, kwa kuwa ni kubwa, lina hasira, na hupiti mbele yake bila heshima. Mama Mkubwa ana kiyoyozi chake mwenyewe. Ofisi ya Mzee Baridi haina. Mkewe anasema hata nyumbani feni iliwahi kukaa msimu mzima bila kutengenezwa, na alipolalamika alijibiwa, "Mama watoto, wewe ukisikia joto unasema. Kabati halisemi."

Mwaka huu jambo moja lilikuwa zito. Uongozi ulitaka kujua nani atashika kazi baada yake. Yeye alimtaja Fundi Mdogo, ambaye tunamwita hivyo ingawa ana watoto wawili na amefanya kazi naye miaka tisa. Meneja alikubali kwa sharti moja: Mzee akae nyumbani wiki ya joto kali, na mtambo usisimame. Ukisimama, ataajiriwa fundi wa nje, na Fundi Mdogo atarudi kubadilisha taa.

Mzee Baridi akaenda likizo. Siku ya pili alikuwa getini, ambako baba yangu hulinda na kuwapimia wateja vipande vya biskuti.

"Mzee, si uko likizo?"

"Nimekuja kununua biskuti zilizovunjika."

"Wewe na biskuti wapi na wapi?"

"Watu hubadilika, bwana mlinzi. Nipimie."

Alikuja pia siku ya tatu. Siku ya nne, jua likiwa la kuchoma nyayo, alikuwa bado anachagua vipande vyake pale mngurumo wa mtambo uliposhuka.

"Wamepunguza mwendo," alisema. Jasho lilimtoka ghafla.

Baba alimfungulia mlango mdogo. Mzee Baridi aliweka mguu mmoja ndani, akasimama. Kisha akaurudisha nje.

"Nikiingia sasa watasema ni mimi," alisema, akakaa kwenye kiti cha baba na kutafuna biskuti ambazo hazipendi.

Ndani, kengele ya Mama Mkubwa ilikuwa inalia. Fundi Mdogo alilikuta chujio safi na kiyoyozi kikifanya kazi. Alipunguza mwendo wa mtambo ili vifaa vipumue, kisha akazunguka nyuma ya kabati. Mtu alikuwa ameyapanga maboksi matupu hadi juu, yakaziba pale kiyoyozi kinapotolea hewa ya moto, kwa hiyo joto lote lilikuwa likirudi ndani.

"Jamani, nani kamfunika mkubwa wetu blanketi?" aliuliza, na kabla hajajibiwa watu walishaanza kuyaondoa.

Getini, mngurumo ulipanda taratibu mpaka ukafika pale pale ulipozoea kuwa. Mzee Baridi alisikiliza kidogo, akajifuta uso, akaaga. Kesho yake baba alimwekea pakiti ya vipande hadi jioni. Hakuja. Siku iliyofuata hakuja pia, na wiki ilipokwisha meneja alimthibitisha Fundi Mdogo kazini.

Mzee wetu, wafanyakazi wote wanakushukuru kwa jasho lako, kwa utani uliouvumilia, na kwa mguu ule uliourudisha nje. Wapo wasichana shuleni kwetu ambao sasa wanauliza ufundi wa umeme unasomewa wapi. Nenda salama, ukalale mchana bila kushtuka. Tunakuombea afya njema, kivuli cha kutosha, na miaka mingi ya furaha pamoja na Mama watoto.