E Sufuri Mbili

Nje ya posho mill, mashine ya kusaga unga, pale sokoni Tulia, mwaka wa tisini na saba, kulikuwa na benchi moja na birika moja la kahawa, na kila aliyekaa pale alikuwa daktari, wakili na DC, mkuu wa wilaya. Siku hiyo Kiema alikuja ameshika kadi ya hospitali ya mkewe, Ndila. Ndila alikuwa amepimwa damu, akaambiwa arudi Jumatatu, na juu ya kadi mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: E02. Mwaka mzima mama yake Kiema alimwita Ndila mvivu: anasinzia jikoni, anasikia baridi juani. Kiema naye alikuwa ameanza kufikiria kumrudisha kwao Mwingi.

Jonah, aliyeitwa Redio, aliichukua kadi kwanza.

— Hiyo E ni emajensi.

Kisilu, dereva mstaafu aliyeitwa Gia, akakataa. Ugonjwa una gia tano, na huu uko ya pili.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema kwa huzuni.

Redio akaona hiyo ni ndogo. Hiyo ni namba ya orodha, akasema, ya watu watakaopelekwa Nairobi kufanyiwa majaribio. Kiema akaweka kikombe chini.

Mbula, karani wa rekodi pale hospitali, akatoka kusagisha mahindi. Kiema akampa kadi. Mbula akaeleza bila haraka kwamba kila ugonjwa una namba yake, ndiyo ijulikane ni wangapi wanaugua, na wapi. Hii ni ya tezi ya shingo iliyolegea kidogo kwa kukosa ayodini, ile inayotiwa kwenye chumvi ya paketi. Inachosha mtu, inamtia baridi, na inatibika.

— Kwani nyumbani mnapikia chumvi gani, mzee?

Kiema akamtazama Redio. Redio akamtazama Gia. Wanaume watatu wenye wake, na hakuna aliyejua chumvi ya nyumbani kwake.

Kiema akaenda nyumbani kuuliza. Ndila akamwonyesha mkebe: chumvi ya mawe, ileile Kiema mwenyewe aliyokuwa akiwanunulia mbuzi. Kiema akamwita mama yake, akawaeleza wote wawili yale ya Mbula, kidole kikiwa juu ya ile namba. Mama akainuka, akauchukua ule mkebe, akaenda kuwamwagia mbuzi chumvi yao.

Ndila akaichukua kadi.

— Hata mimi nilishaanza kuamini ni uvivu.

— Si uvivu, Kiema akasema. Imeandikwa.