Kichwa cha Treni Kilichongoja Mgeni

Gari langu liko gereji, kwa hiyo leo nimepanda basi la Al Khuwair. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua habari za Japani, alikosoma. Huko, katika bustani ya mji, kulikuwa na kichwa cha treni ya mvuke, kile kidogo kinachobeba maji yake ubavuni. Kila Jumapili yeye na mzee mmoja, dereva mstaafu, walikipaka mafuta kisishike kutu.

"Mzee kanipigia, manispaa wanataka kukikata, nije tukipake mara ya mwisho. Nkamwambia ntakuja."

"Ulikuwa na nia?"

"Hata. Lakini bibi, mzee akikwita utamwambia siji?"

"Ntamwambia. Kuliko kumkalisha akingoja."

Mimi hata wanangu nawaambia hapana. Hununa, kisha hula.

"Basi mzee kawaomba manispaa wamsubiri mgeni wake, yaani mimi. Wamesubiri, wamechoka, wamekikata."

"Sasa kakukasirikia?"

"Bora angekasirika. Asubuhi kaniandikia kuwa kibao cha namba kakiokoa, kiko kwake, nkija tutakisugua pamoja."

Bibi alirekebisha mtandio. "Mwambie huji, mwanangu. Mwambie sasa, nnakutazama."

Kijana akaandika, akafuta, akaandika tena. Basi liliposimama Qurum akashuka, hajatuma kitu.