Elisifa Aminieli, Mama wa Karakana

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Kama umebeba mkungu wa ndizi, utue. Kama uko dukani pale Kiboriloni, mwambie mteja avute subira kidogo. Saa hii tunaitenga kumkumbuka mtu, na huyu tunayemkumbuka leo bado hajazikwa.

Jina lake ni Elisifa Aminieli. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha: Elisifa Aminieli, mzaliwa wa kijiji kimoja juu kidogo ya Kwa Sadala, wilaya ya Hai. Alifariki Jumanne alfajiri katika hospitali moja hapa Moshi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Wengi mnamjua kwa jina la Mama wa Karakana. Atazikwa kesho Jumamosi, saa nane mchana. Mahali atakapozikwa ndipo penye maneno, na huko nitafika, tena nitafika taratibu, kwa sababu jambo hili halitaki haraka.

Elisifa alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Aliyemsomesha tangu hapo ni baba yake mdogo, Mzee Yoramu. Mdogo wake Elisifa, Priska, ananiambia Mzee Yoramu aliuza ng'ombe wa maziwa ili msichana asirudishwe nyumbani, na mwaka ule watoto wake mwenyewe walikunywa chai ya rangi. Elisifa hakulisahau hilo. Kumbukeni na ninyi: Mzee Yoramu, baba mdogo.

Binti akasoma, akamaliza, akapata kazi mjini, katika kampuni inayonunua parachichi huku mlimani na kuzisafirisha nje ya nchi. Jina la kampuni sitalitaja. Mkubwa wangu hapa kituoni ameniomba nisilitaje, na yeye ndiye anayetia saini mshahara wangu. Elisifa alikuwa afisa mahusiano ya jamii. Maana yake, kampuni ikitaka kutoa msaada, yeye ndiye anayetafuta pa kuutoa. Sherehe hizo mmeziona. Fulana zenye nembo, hundi kubwa kama mlango wa choo, watoto wamepangwa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi anywe supu yake amalize.

Yeye zilimchosha. Alitaka kitu kinachobaki. Aliwaona vijana wa kwao waliomaliza kidato cha nne wakibeba mizigo ya watalii msimu ukiwepo, na msimu ukiisha wanakaa vijiweni kwenye pombe ya mbege. Aliwaona wasichana wakishuka kwenda kufanya kazi za ndani. Akasema, tujenge karakana. Wajifunze kuchomelea vyuma, umeme wa majumbani, ushonaji. Kampuni ikakubali, na kwa haraka ambayo ingefaa kumshtua. Sharti lilikuwa moja tu. Kampuni haijengi juu ya ardhi isiyo yake. Kiwanja kiandikwe kwa jina lake.

Sasa wasikilizaji wapendwa, ardhi huku kwetu mlimani haitolewi kama karanga. Kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni makaburi ya waliokulea. Palikuwa na mahali pamoja tu pa tambarare karibu na barabara, napo palikuwa ndani ya kihamba cha Mzee Yoramu. Elisifa akaenda kuomba. Mzee akakataa. Akaenda tena na mchungaji. Mzee akawapa mtori wa ndizi, wakala wakashiba, akakataa tena. Alisema hana ugomvi na shule, ila hajui akifa atawaambia nini waliomwachia.

Ndipo Elisifa alipofanya lile ambalo Mchagga peke yake angeweza kulifanya. Alikwenda na isale.

Ninyi mnaotusikia kutoka mbali, nisikilizeni hapa. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akalifunga fundo, akampelekea. Na ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa. Damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo. Ni la kuombea msamaha. Kuombea kiwanja, hapana, sijapata kusikia.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani. Mzee Yoramu alikuwa ameketi barazani na bakuli mkononi. Alipoliona lile jani aliweka bakuli chini. Priska alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Anasema mzee alilitazama mpaka Elisifa akaanza kutazama pembeni. Kisha akauliza, "Isale huletwa na aliyekwisha kukosa. Wewe umenikosea nini, mwanangu?"

Elisifa akajibu kwamba hajamkosea kitu, anaomba tu.

"Basi kosa liko mbele," mzee akasema, na akalipokea.

Akalipokea kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Priska anasema wakiwa njiani kurudi Elisifa alikuwa anacheka, lakini alishindwa kufunga kifungo cha sweta yake. Alijua. Aliyetumia mila kama ufunguo bandia hawezi kusema hakujua.

Kiwanja kikaandikwa kwa jina la kampuni, karakana ikajengwa. Nayo, semeni mtakayosema, ilikuwa nzuri. Ilifanya kazi. Binti mmoja anaitwa Kindness, ambaye mama yake alikuwa amekwisha kumtafutia kazi ya ndani huko Dar, alibaki akajifunza kuchomelea. Geti la karakana lile la chuma ni kazi ya mikono yake. Leo nusu ya mageti ya Kwa Sadala ni yake. Kila Ijumaa Elisifa alipanda na ndoo ya chapati. Aliwajua wanafunzi wote kwa majina, na akimkuta mtu anachomelea bila miwani alimsema mpaka wengine wanamwonea huruma. Hakuolewa, hakuzaa, lakini pale alikuwa na watoto wa kumwaga. Nasema hivi kwa furaha, maana alikuwa na furaha. Tumpe hiyo kabla sijaendelea.

Kisha mambo yakaanza kupungua.

Kwanza vikaisha vijiti vya kuchomelea, na vingine havikuja. Akauliza ofisini, akaambiwa subiri. Halafu mwalimu wa umeme akaitwa mjini, hakurudi, wala hakuletwa mwingine. Akauliza, akaambiwa subiri. Mlinzi wa zamani, aliyekuwa anasalimia hata mbuzi, akaondolewa. Akaja mwingine asiyeitikia shikamoo ya mtoto. Kisha asubuhi moja wakaja watu na kamba na rangi nyekundu. Walipima, wakapaka alama kwenye miti, wakapaka na ukuta wa zizi la Mzee Yoramu. Hawakusema wametumwa na nani. Mzee alisugua ile rangi kwa majivu na maji ya moto. Haikutoka.

Elisifa akaenda kwa meneja mpya. Akakaribishwa kiti, akaletewa maji ya chupa. Ukiona umeletewa maji ya chupa katika ofisi unayofanyia kazi wewe mwenyewe, jiandae. Meneja alimweleza kwa upole sana. Msaada umefika mwisho wake. Karakana itageuzwa ghala la baridi la kutunzia parachichi. Mashine zitashushwa mjini zikauzwe. Ardhi ni ya kampuni, kila kitu ni halali.

Elisifa akamwambia kwamba aliwaahidi wazee karakana itabaki.

"Tulisaidia, Elisifa," meneja akasema. "Hakuna aliyesema milele."

Narudia maneno hayo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu Elisifa mwenyewe aliyarudia kwa mdogo wake mara nyingi, hata akiwa anapika. Hakuna aliyesema milele.

Na hapa ndipo ninapomwonea uchungu zaidi. Aliacha kazi, lakini kijijini hakusema kitu. Aliendelea kupanda kila Ijumaa na ndoo ya chapati. Aliendelea kukagua miwani. Alidhani atapata mfadhili mwingine kabla watu hawajajua. Lakini kijiji kina masikio. Wanawake waliosoma naye kipaimara wakaanza kugeukia upande wa pili wakimwona sokoni. Na Ijumaa moja akapanda akakuta Mzee Yoramu amepanda mstari mpya wa masale, mbichi kabisa, kuanzia kwenye zizi hadi barabarani, kati ya kihamba chake na karakana. Isale lilelile la msamaha ndilo la mpaka. Elisifa alisimama pale na ndoo yake kichwani, na upande aliokuwa amesimama ulikuwa wa kampuni.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwake ulivunjika moyo, tena nasema moyo wenyewe, huu wa nyama. Madaktari walikuta umetanuka. Alianguka kanisani kwaya ikiimba, na kuanzia siku hiyo hakupanda tena mlimani.

Mzee Yoramu ana miaka themanini na moja. Alishuka kumwona hospitalini, amevaa koti lake la Jumapili. Priska na Kindness walikuwepo, na wote wawili wamenieleza vilevile. Elisifa alimwamkia. Mzee akaitikia, akaketi. Elisifa akamshika mkono.

"Baba mdogo," akasema, "nilikuja kwako nikachukua. Sasa sina cha kurudisha, nina mwili huu tu. Nizikeni pale njiani, kati ya geti na mlango wa karakana. Tuone nani atapita juu yangu."

Wasikilizaji wapendwa, mnaelewa alichokuwa anakisema. Kwetu sisi penye kaburi hapauzwi. Penye kaburi gari halipiti. Mwenye hati atakuwa na hati yake, na pale pataendelea kuwa pa aliyelala. Kati ya geti na mlango wa karakana kuna njia moja tu. Upande mmoja kuna ukuta, na wa pili kuna korongo. Mtu kwa miguu atapita pembeni. Lori halitapita.

Mzee alimjibu, "Siku ile nilisamehe kitu nisichokijua. Leo nakijua. Nimekusamehe." Akatoka nje ya wodi, akalia mbele za watu. Mzee wa Kichagga, mbele za watu.

Elisifa akafariki alfajiri iliyofuata.

Jumatano ukoo ulikaa. Wapo waliopinga. Walisema binti asiyeolewa mahali pake ni kando ya baba yake, na kaburi si silaha. Hawakusema uongo. Mzee Yoramu aliwasikiliza mpaka wakanyamaza wenyewe, kisha akasema ameamua. Jana Alhamisi vijana wakaenda kuchimba. Mlinzi akafunga geti, akapiga simu mjini, akaambiwa asifungue. Hakuna aliyegombana naye. Kindness alikuja na spana na nyundo, akaling'oa geti kutoka kwenye bawaba zake, akaliegemeza ukutani taratibu ili lisipate mkwaruzo. Wakaingia. Mzee akawaonyesha mahali kwa fimbo yake. Wakachimba mpaka jioni.

Wakati wanamalizia, magari mawili meupe yalikuja yakasimama barabarani. Vioo havikushushwa. Hakuna aliyeshuka. Yalikaa hapo mpaka vijana walipoweka majembe begani, kisha yakageuza yakaondoka. Sijui yaliondoka na uamuzi gani. Leo asubuhi hapa kituoni tumeletewa tangazo la rambirambi, lenye nembo, linalosema kampuni itaendelea kuijali jamii ya Hai. Nimeombwa nilisome. Nimekwisha kuwaambia linasema nini.

Tunakupa pole Mzee Yoramu, shikamoo baba, uliyemsomesha na sasa unamzika. Pole Priska. Pole Kindness na wenzako wote mliofundishwa katika karakana ile. Pole kwa usharika, na kwa kwaya iliyompoteza mwimbaji wake wa sauti ya pili. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Na sisi tunaobaki tufikiri. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho au kesho kutwa kitaletwa kitu kizuri kijijini kwenu, na nyinyi mtapiga makofi, na makofi ni haki yake. Mkimaliza kupiga, ulizeni ardhi ni ya nani.

Neno langu la mwisho si la wafiwa. Malori ya kuja kuchukua mashine yamepangwa Jumatatu asubuhi. Najua hivyo kwa sababu madereva wa mji huu mnasikiliza redio hii, na mmoja wenu amenipigia. Hakutaja jina. Amenieleza kwamba amekodiwa yeye na wenzake, kwamba ana watoto watatu, na kwamba ameambiwa njia ile ya kaburi itakuwa imesawazishwa. Akaniuliza afanye nini. Ndugu yangu, mimi ni mtangazaji tu. Kesho saa nane mchana njoo msibani pamoja na sisi, utupe udongo kama watu wote. Halafu Jumatatu utaamua mwenyewe, ukiwa umeshika usukani.